Siku Ndege Ilipokaa Kitako

Mimi na dada yangu tuna alama moja. Iko juu ya paji la uso, pale nywele zinapoanzia: bonde dogo, ukipitisha kidole kinalala humo. Ni alama ya mkanda wa ngozi tuliobebea kuni na maji na viazi tangu tukiwa wasichana kule Mikinduri. Mkanda unazunguka mzigo mgongoni, unapita juu ya kichwa, na kichwa ndicho kinavuta. Wasichana wa siku hizi hawana bonde hilo na nashukuru kwamba hawana. Lakini lile la dada yangu ningelitambua kwa kidole hata gizani.

Yeye ndiye alinifundisha kubeba. Alikuwa akisema mzigo ufungwe juu, karibu na shingo, usiachwe ukaning'inia kiunoni, kwa sababu mzigo wa kiunoni unakuvuta nyuma mpaka unatembea ukitazama mbinguni, na anayetazama mbinguni haoni jiwe. Nilipoolewa huku Kibugu, upande wa Embu, alikuja nami na vyombo vyangu mgongoni mwake, akavishusha mlangoni kwa mama mkwe, akakataa kuketi mpaka aone mimi nimeketi. Watu wa msafara ule nawakumbuka wote, kila mmoja kwa jina lake na la baba yake, na hata jina la ng'ombe aliyetolewa. Lakini majina sitayaandika hapa. Walio hai hawajaulizwa, na waliolala sipendi kuwaita bila sababu.

Mlima wetu ni mmoja, ila mimi niko ubavu huu wa majani chai na dada yangu yuko kule mbali kwenye vilima vya Nyambene. Tulipokuwa na nguvu tulitembeleana. Kisha mimi nikaanguka shambani nikaumia nyonga, na yeye akaanza kupoteza macho, halafu miguu, mpaka akawa mtu wa kitandani. Ikabaki simu. Kila Jumapili baada ya kanisa kitinda mimba wake humwekea simu sikioni, tunaongea habari za mvua, za nani amezaa na nani amezikwa, tunacheka.

Jumapili moja hakucheka. Aliniambia hivi, kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya chumvi: "Sauti yako ninayo. Lakini mkono wako nimeanza kuusahau."

Nilizima simu nikakaa jikoni mpaka moto ukafa.

Mwanangu alijaribu kunipeleka kwa gari. Barabara ile ya kuzunguka mlima ina kona nyingi, inashuka mtoni, inapanda, inashuka tena, na kila kona nyonga yangu iliilipia. Tulipofika Chuka nilikuwa sijui niko wapi. Mwanangu aligeuza gari bila kuniuliza, na nilimshukuru baadaye, lakini siku ile nililia njia nzima ya kurudi, wala si kwa sababu ya nyonga.

Sasa huyo mwanangu ana binti wa kwanza anayeitwa kwa jina langu, kama desturi yetu ilivyo. Kwa hiyo baba yake humwita "mama", na akimtuma maji ya kunywa humtuma kama mtu anayeomba. Mimi humwita Wajina. Naye huniita cucu, yaani nyanya. Wajina ni rubani. Anafundisha wengine kuendesha ndege kwenye shule moja huko mjini. Habari ya Chuka ilimfikia. Baada ya siku kadhaa alipiga simu akaniambia mkubwa wake wa kazi amemruhusu achukue ndege ndogo, Jumamosi moja tu, kwa sababu baada ya hapo ndege hiyo ilikuwa inafunguliwa yote na mafundi na haingeruka tena kwa muda mrefu. Atanichukua huku chini Mbeere na kunishusha upande wa Meru kabla chai haijapoa kwenye chupa. Jioni anirudishe.

Nilimuuliza kama Mungu anaruhusu. Akasema Mungu ndiye aliyetengeneza upepo, wao wanauegemea tu.

Habari ikafika kwa akina mama wa kanisa letu. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa mazito. Kwetu mtu haendi kwa mgonjwa mikono mitupu, na kikundi hakimsindikizi mwenzao kwa maneno. Kiongozi wa kikundi ni wifi yangu, dada ya marehemu mume wangu, mwanamke wa sauti kubwa na mkono mkubwa zaidi. Yeye ndiye alipita nyumba kwa nyumba. Alisema dada yangu alitembea kwa miguu akituletea bibi arusi, na sasa ni zamu yetu kumjibu.

Jumamosi hiyo mwanangu alinilaza kwenye kiti cha nyuma cha gari tukashuka polepole kwenye lami mpaka Embu, tukapita Gachoka, tukafika kwenye kiwanja cha ndege. Usifikirie kiwanja kikubwa. Ni kipande cha changarawe kwenye joto la Mbeere, mbuzi wanalisha pembeni, na askari mmoja mzee anakilinda kwa upinde na mishale yake. Akina mama walikuwa wamefika mbele yetu kwa pikapu. Nilipoona walichoteremsha nilifikiri kuna harusi jirani. Gunia la viazi. Nduma. Maboga. Mfuko wa majani chai. Maharagwe, zile kunde nyeusi tuitazo njahi, unga wa wimbi, sukari. Mkungu wa ndizi ambao mtu mmoja hawezi kuuinua. Na wifi yangu alikuwa na jogoo mwekundu chini ya kwapa.

Ndege ilikuja ikazunguka mara moja juu yetu, ikatua, ikajivuta mpaka tulipo, ikazima. Ilikuwa nyeupe, mabawa yamekaa juu ya kichwa chake kama mtu aliyejitwika ubao, magurudumu mawili chini ya tumbo na moja chini ya pua. Wifi yangu aliitazama kwa muda.

"Hii ndiyo yenyewe," akauliza, "ama hii ni ya kuonyesha njia?"

Wajina alishuka na shati lake jeupe, akasalimia kila mmoja kwa mkono akianzia na wazee. Alifungua kimlango kidogo ubavuni, nyuma ya viti, aweke humo kile chuma changu cha kutembelea. Kisha akasema anakwenda na askari kutazama kiwanja kama kuna mawe na kuondoa mbuzi. Alituomba tungoje, na tusiguse ndege. Lakini alisema kwa heshima nyingi, na heshima nyingi wakati mwingine haisikiki.

Kwa akina mama wa majani chai, mlango ulio wazi na mzigo ulio chini ni kazi. Hawakushauriana. Walijipanga mstari vile tunavyojipanga kituoni siku ya kupima majani, na vitu vikaanza kupita mkono kwa mkono mpaka kwa wifi yangu, naye akavisukuma ndani. Mimi nilikuwa nimewekwa kwenye kiti kivulini mwa gari. Niliwaona na nilifurahi. Wale ni watu wangu, nilisema moyoni, tazama wanavyompenda mtu ambaye wengine wao hawajamwona.

Mkungu wa ndizi uliingia mwisho, na jogoo juu yake.

Ndege ilikaa kitako. Haikuanguka, ilikaa, taratibu, kama mgeni aliyechoka. Mkia ulishuka mpaka ukagusa changarawe na kulia kidogo, na pua ikainuka na gurudumu lake la mbele likabaki hewani. Ilikuwa kama kuku anayemeza maji, kichwa juu, macho mbinguni. Ndani jogoo akawika.

Mtu mmoja alianza kucheka akajizuia. Mwingine alianza kuomba. Wifi yangu alirudi hatua chache, akajipangusa mikono kwenye leso. "Imechoka na safari," akasema.

Wajina alikuwa ameona kutoka mbali. Alirudi akitembea, hakukimbia, na nilijua ameogopa kwa sababu mimi pia nikiogopa natembea hivyo. Hakumgombeza mtu. Aliwaweka wawili washike pua isije ikajigonga, akawaambia wengine wateremshe vitu, wakianza na vya mwisho. Mizigo ikatoka, pua ikashuka polepole. Kisha alilala chini kabisa ya mkia, na shati lile jeupe, kwenye vumbi.

Alikaa huko kwa muda. Alipotoka alikuja kupiga magoti mbele ya kiti changu, akaniambia kwa Kiembu ili nisikose neno. Mkia umegusa chini. Huenda hakuna kitu, huenda kuna kitu. Atapiga picha, amtumie fundi, afanye kila fundi atakachosema. Fundi akikataa hatutaruka leo, na siku nyingine haipo.

Niliuona tu mkono wangu juu ya goti, niliuona kama mkono wa mtu mwingine.

Wifi yangu ndiye alisema, kwa sababu yeye akiwa na hofu huongea. "Lakini mama, si ni mkia tu? Mimi nilikuwa na ng'ombe fisi alimkata mkia, na akaendelea kutoa maziwa."

"Cucu," Wajina akamjibu, "huyo ng'ombe hakuwa angani, hakuwa na pa kuanguka."

Wakacheka wote, na wifi yangu akacheka pia, na hofu ikalegea kidogo. Tukiwa tunangoja simu ya fundi Wajina aliona afadhali aeleze. Alienda kwa askari akamwomba mshale mmoja. Aliuweka juu ya kidole chake kimoja, akausogeza mpaka ukalala sawa bila kuanguka. Kidole hakikuwa katikati. Kilikuwa karibu na ncha ya chuma.

Akatuonyesha. Chuma kizito kiko mbele, manyoya mepesi yako nyuma. Mshale ukiyumba njiani, upepo unayapiga manyoya ubavuni na kuyarudisha nyuma ya chuma, na mshale unanyooka. Hakuna anayeuelekeza ukiwa hewani. Akamuuliza wifi yangu, je, tukichukua chuma tukakifunga kwenye manyoya?

"Unajichoma mwenyewe," akasema wifi yangu. Kisha akatazama gunia la viazi.

Ndege nayo ni hivyo, akasema Wajina. Alitupeleka nyuma, mimi nikiwa nimeshikiliwa na mwanangu. Kuna bawa moja limesimama kama mbao ya mlango. Hilo ndilo manyoya, linaifanya pua itazame kule upepo unakotoka, isigeukegeuke. Na kuna vibawa viwili vidogo vimelala, huku na huku. Nilidhani hivi vinabeba ndege kama yale mabawa makubwa. Akasema hapana, mara nyingi vinafanya kinyume: hewa inavisukuma chini. Mbele kwenye injini na watu ndiko kuzito, pua inataka kuinama, na vibawa hivi vinaikalia nyuma ili isiiname. Pua ikiinuka kuliko inavyotakiwa, upepo unavipiga kutoka chini, mkia unapanda, pua inarudi. Pua ikiinama, vinasukumwa chini zaidi, pua inarudi. Lakini uzito wote ukihamia nyuma, vile vibawa havina nguvu tena ya kurudisha kitu. Pua inapanda, na ikipanda inazidi kupanda.

"Inatembea ikitazama mbinguni," nikasema.

"Ndiyo hivyo, cucu."

Nikainua mkono nikagusa paji langu. Mzigo mgongoni unakuvuta nyuma, kichwa kinakaza mbele kwenye mkanda, na katikati wewe unatembea. Hapa wamegeuza tu: mzigo uko mbele na kinachokaza kiko nyuma. Nilimwambia hivyo. Aliweka kidole chake kwenye bonde langu, mbele ya watu wote, akakipitisha kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hakusema nimejua wala sijajua. Alisema angejua hivyo angeniuliza mimi kabla ya kwenda shule kukesha na vitabu, na akina mama wakamwambia aache kunidanganya.

Simu ya fundi ikaja. Wajina alimweka kwenye spika, akalala tena chini ya mkia, na sisi tulisikia sauti ya mwanamume mtulivu akimwagiza. Tazama ile pete ya chini, imepinda? Pitisha mkono juu ya bati, kuna mkunjo? Shika kibawa inua, shusha, sikiliza bawaba. Sasa hili lililosimama, kushoto, kulia. Wajina alikuwa akijibu kila moja. Akina mama walikuwa wamesimama nyuma yake wamefunga mikono, hakuna aliyekohoa. Nimekaa katika ibada nyingi, lakini kimya kama kile nimekisikia mara chache. Mimi nilikuwa nikiomba kwa maneno mafupi sana. Nilisema, mkono wangu, Bwana, mkono wangu tu.

Fundi akauliza tena habari ya bawaba ya upande wa kulia. Wajina akaipandisha na kuishusha tena. Kisha fundi akasema pete ndiyo iliyogusa, na pete iliwekwa hapo kwa kufungiwa kamba, ni ngumu. Bati ni zima, bawaba ni nzima. Nenda, na mzigo wako uweke mahali pake.

Wifi yangu aliketi chini kwenye changarawe.

Sasa ikabaki habari ya vitu. Wajina alisema tena kwa heshima, lakini safari hii ikasikika: hakuna hata gunia moja litakaloingia. Nikaona nyuso zikibadilika. Kwetu zawadi hairudishwi mbele ya aliyeitoa. Ni kumwambia mtu, kaa na mkono wako. Mmoja wao, mama ambaye mvua ilimwibia nusu ya shamba mwaka huo, alikuwa ameleta njahi kidogo ndani ya kitambaa, na nilijua zimetoka kwenye mbegu. Ningemwambiaje achukue arudi nazo?

Nikaomba kiondo changu, kile kikapu cha kusuka. Nikawaambia kila mmoja anipe kidogo kutoka kwenye chake, kiasi cha kuonja, kwa mkono wake mwenyewe. Wakaja mmoja mmoja. Kiazi kimoja. Nduma moja ndogo. Ndizi moja iliyochumwa kwenye mkungu. Punje za njahi. Kipande cha boga. Majani chai yaliyokunjwa kwenye karatasi, wimbi, maharagwe, sukari ya kikombe kimoja. Kila aliyeweka nilimwita jina lake, ili ajue nimepokea. Vile vingine nikasema vipikwe hapahapa, kwa askari, tukirudi tuvikute. Kumsindikiza mtu ni pamoja na kumngoja.

Wifi yangu alikuja mwisho na jogoo wake.

"Huyu hapana," akasema Wajina. "Huyu ana ujuzi wake wa kuruka, asije akaingilia wangu."

"Na mimi nitoe nini? Nimkate mguu?"

Alifikiri. Halafu akang'oa unyoya mmoja kutoka kwenye mkia, ule mrefu uliopinda, mweusi wenye kijani ndani yake. Jogoo alilalamika. Akauchomeka unyoya katikati ya kiondo umesimama.

Nilikuwa nimesema nitakaa kiti cha nyuma, nifumbe macho mpaka tufike. Wajina akakataa. Nilipaswa kukaa mbele, ubavuni pake. "Leo wewe ndiye chuma cha mshale," akaniambia. Wakaniinua, wakaniweka, nyonga yangu ikapata mahali pake kwenye mto. Kiondo kiliwekwa nyuma yangu kikafungwa mkanda kama abiria.

Kupaa sitakueleza, kwa sababu nilikuwa nimefumba macho. Nilipofumbua niliona kitu ambacho nimeishi ndani yake maisha yangu yote bila kukiona. Kushoto mlima, umevua wingu lake. Chini yake msitu mweusi, halafu kijani cha majani chai kimechanwa kama kichwa kilichosukwa. Wajina alinyoosha kidole akasema kule ni Kibugu. Niliwaza, huko ndiko nililia, ndiko nilizaa, ndiko nilichuma na kuzika, na yote yanatosha kwenye kidole cha mtoto.

Mito inayoteremka mlimani imekata mabonde, na juu ya mabonde upepo una tabia zake. Ndege ilirushwa kidogo, ikainua pua. Nilishika kiti. Wajina akaniambia nitazame mikono yake. Akaachia usukani. Mikono aliiweka juu ya mapaja yake kama mtu aliye kanisani. Pua ilikuwa juu, nikangoja ipande. Haikupanda. Ilisita, ikashuka, ikapita kidogo chini, ikarudi juu kidogo, ikatulia. Ikaenda sawa. Hakuna mtu aliyekuwa ameigusa.

"Ni mkia?" nikamuuliza.

"Ni mkia."

Nikageuka nitazame nyuma, lakini kutoka ndani mkia hauonekani. Unaona tu viti, na kiondo, na unyoya wa jogoo ukitikisika. Nikawaza wale waliobaki kwenye changarawe kule chini, wamewasha moto sasa, wanamenya viazi. Nikawaza mwanangu alivyogeuza gari Chuka. Nilitoa asante nyingi hapo juu, na zote nilizitoa kwa majina, polepole, na safari ilikwisha kabla sijawamaliza.

Mtoto wa dada yangu alitungoja upande wa pili na gari, na kutoka kiwanjani hadi Mikinduri hakukuwa mbali. Aliendesha kama aliyebeba mayai. Chumbani kwa dada yangu kulikuwa na dirisha moja na harufu ya sabuni. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomwacha. Nilipoingia aliinua mkono wake hewani, na mimi nikauweka wangu humo. Aliushika. Alipima vidole kimoja baada ya kingine, akafika kwenye kile nilichokatwa na panga nikiwa msichana, akakibana.

"Ndio huu," akasema.

Tulikaa hivyo. Baadaye alitaka kujua nimeleta nini, kwa sababu yeye ni dada yangu. Nikamwekea kitu kimoja kimoja kwenye kiganja. Kiazi: cha nani hiki? Nikamwambia jina, na binti wa nani, na aliolewa kwa nani. Nduma, ya nani? Nikamwambia. Punje za njahi alizihesabu kwa kidole gumba, na nilipomwambia jina la aliyezitoa na habari ya shamba lake, alisema hizi zisipikwe, zipandwe, na mwanawe akazichukua akazipanda nyuma ya nyumba jioni ileile. Kila kitu kilikuwa na mtu, na kila mtu alipokelewa. Unyoya ulimshangaza. Aliupitisha shavuni, nikamweleza habari ya jogoo na ya mkia, tangu kukaa kitako mpaka mshale wa askari. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka mwanawe akaingia kutazama kuna nini.

Akaniambia niiname. Akatafuta paji langu, akaweka kidole kwenye bonde. Nami nikaweka changu kwenye lake. Wajina alikuwa mlangoni, sijui alikuwa akitazama wapi.

Saa kumi ilikuwa lazima tuondoke, kwa sababu ndege ile na giza hazipatani. Kiondo hakirudi kitupu, na dada yangu alikuwa amelala akifikiria hilo. Alimtuma mwanawe juu ya kabati. Akarudi na mkanda wake wa ngozi, ule uliobeba vyombo vyangu kwenda Kibugu, umekauka na kung'aa kwa miaka. Aliuzungusha mwenyewe akauweka kiondoni kwa kupapasa. Nikamuuliza ana ujumbe gani kwa akina mama. Akasema niwashukuru mmoja mmoja, na kwa wifi yangu ana neno la peke yake.

Tulipotua Mbeere jua lilikuwa limelala upande na kiwanja kizima kilinuka chakula. Kabla sijapelekwa kwa wengine nilimwomba mwanangu anipitishe nyuma, nikaushika ule mkia kwa mkono mzima, vile unavyomshika ng'ombe aliyekufikisha. Ulikuwa bado na vumbi la asubuhi.

Wifi yangu alipokea kiondo, akakipima kwa mkono, akaona si kitupu, akachungulia. Alitoa mkanda. Aliujua. Aliuweka kwenye paji lake mwenyewe, na ukakaa, kwa maana yeye pia analo bonde.

Kisha akauliza, "Na juu ya jogoo wangu dada yako alisemaje?"

"Amesema asante sana," nikamwambia. "Amesema mkia ameupokea, sasa anangoja mwili."

Wifi yangu aligeuka akatazama sufuria kubwa iliyokuwa ikichemka juu ya moto wa askari, manyoya mekundu yametawanyika kando yake. Wote tukaitazama. Wajina ndiye alikuwa wa kwanza kwenda kuchukua sahani.